Mgongo wa Kamanthe

Mutheu alikuwa na migongo miwili iliyomkosesha raha. Mmoja ulikuwa wa marehemu Kamanthe, mgongo unaoijaza skrini mwishoni mwa filamu iitwayo *Mitungi ya Kithyoko* na kukaa hapo mpaka mtazamaji anaanza kujikuna. Wa pili ulikuwa wa mama yake mzazi, Mueni, mzima wa afya, ambaye siku hizi alikuwa akimpa kisogo mchumba wa binti yake kila alipomwona. Mgongo wa kwanza ulikuwa umekwamisha shahada yake ya uzamili. Wa pili ulikuwa mbioni kumvunjia ndoa.

Tuanze na wa kwanza, kwa kuwa wasomi ndio walioushika, na wasomi hawapendi kungojeshwa.

Filamu hiyo ilipigwa Kithyoko, kule kuelekea mto Tana, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kiangazi kilipokuwa kimewabana watu. Mwongozaji alitoka Nairobi na kamera moja na mpiga picha mmoja, kijana wa Muthetheni aliyeitwa Wathome. Waigizaji aliwaokota palepale kijijini. Kamanthe, mkulima ambaye hakuwahi kuona sinema, alipewa nafasi ya mama aliyeachwa na mumewe, anayebeba mitungi ya maji kutoka mtoni huku akikumbuka siku alizokuwa na raha. Filamu inakwenda mbele na nyuma, leo na jana zimechanganywa, na mpaka inaisha mama huyo hajasema maneno ya kujaza kiganja.

Nchini ilionyeshwa kidogo ikasahaulika. Gazeti moja liliandika kwamba mpiga picha alilala kazini, kwa maana nusu ya filamu mtu anatazama mgongo tu. Ng'ambo ikasifiwa kwa mgongo uleule. Wahakiki wa huko waliandika kwamba uso wa Kamanthe ni kumbukumbu na mgongo wake ni maisha ya leo, na kwamba ule mgongo wa mwisho, mbele ya mto, ni wa mwanamke anayeikataa dunia nzima pamoja na sisi tunaomtazama. Mutheu aliyasoma hayo yote, akayaamini, akayaandika kwa maneno yake, kisha akampelekea msimamizi wake chuoni, Daktari Aloys.

Daktari Aloys ni mtu mpole, na wapole ndio wanaochinja bila kupiga kelele. Alimwambia sura ile ya tatu ya tasnifu yake ni nguo za watu wengine, yeye amezipiga pasi tu. Alitaka kitu kimoja, hata kiwe kidogo, ambacho Mutheu amekiona kwa macho yake mwenyewe. Asipokileta kabla ya mwisho wa mwezi, hatatetea tasnifu mwaka huo.

Mutheu hakulia. Watu wa kwao walimjua tangu utotoni, kwamba ukimwambia hapana umemwongezea nguvu. Alikunja karatasi zake, akashukuru kwa adabu, akatoka nje akiwa na hasira ya kufanya kazi.

Sasa tuje kwa mgongo wa pili, ambao ndio uliouma zaidi.

Mueni alikuwa mwalimu mstaafu, mwimbaji mkuu wa kwaya katika kanisa lao Katoliki, mama wa kucheka mpaka majirani wa Mumbuni wanajua nani amefika kwake. Ali, mchumba mwenyewe, alikuwa na duka la vifaa vya umeme karibu na msikiti. Babu yake alitoka pwani zamani, akaoa na kuzikwa Machakos, na Ali mwenyewe hajui kwao kwingine. Mueni alimpenda kabla hata binti yake hajampenda. Ndiye aliyempandisha juu ya paa kurekebisha dishi la televisheni, akisimama chini na kumtania kwamba akianguka asianguke juu ya sukumawiki zake. Alimpikia chai, akamgombeza kwa kukonda, akamshika mkono akicheka.

Halafu wakaja watu wa Ali kuposa, na baada ya posa wakaleta *ntheo*, wale mbuzi ambao Wakamba hupeleka kwa kina msichana na ambao bila wao hakuna mke, hata mkivishana pete kumi. Siku yenyewe ilikwenda vizuri. Mjomba wa Ali ndiye aliyechinja, kwa bismillahi, ili kila mtu ale. Wajomba wa Mutheu wakanung'unika kidogo kuhusu nani ashike kisu, kisha harufu ya nyama ikawanyamazisha. Kila mtu alirudi kwake ameshiba.

Tangu siku hiyo Mueni akabadilika. Ali akiingia langoni, yeye anatoka kwa mlango wa jikoni. Chai ikija, inaletwa na Mutheu. Siku moja walikutana sokoni uso kwa uso, na mama yule, aliyekuwa akimwita kwa sauti kutoka ng'ambo ya barabara, alijifunika leso kichwani akageukia marundo ya nyanya mpaka Ali akapita. Hata kile kiti cha karibu na dirisha, ambacho Ali alikalia siku ya mbuzi, Mueni hakukikalia tena, ingawa kilikuwa chake cha miaka yote.

Mutheu aliwashuku kina mama wa kanisani. Aliwahi kumsikia mmoja akiuliza harusi itafungwa wapi, kwa sauti ya mtu anayejua jibu na halipendi. Akamuuliza mama yake waziwazi kama hampendi Ali. Mueni alikuwa akichambua maharagwe, na hakuinua kichwa.

"Nani amesema?" akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ali naye alichoka. Hakuwa mtu wa makelele. Siku moja alifunga duka mapema Mutheu alipofika, wakakaa nyuma ya kaunta kati ya nyaya na balbu, akasema lake.

"Mimi sikulelewa kuingia nyumba ya mtu kwa nguvu," alisema. "Mama yako alinipenda nilipokuwa fundi wake. Nilipokuwa mkwe, akanichukia. Ikifika mwisho wa mwezi bado ananipa mgongo, nitamwomba mjomba arudi kwenu azungumze, tuachane kwa heshima."

Mutheu alihisi moyo wake umeshuka. Alimpenda Ali kwa dhati, na alimpenda mama yake, na hakuwa tayari kumpoteza hata mmoja. Alimwambia ampe muda wote huo mpaka mwisho wa mwezi, asipunguze hata siku, na Ali akaitikia kwa kichwa bila kumtazama.

Jumapili alasiri, mama akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, Mutheu aliketi mezani na kompyuta yake akaanza filamu upya. Safari hii aliapa kutosoma mhakiki yeyote. Alizima sauti. Alisimamisha kila picha, akaitazama kama anayetafuta sindano sakafuni, akaendelea na inayofuata.

Kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba wahakiki walidanganyika, au waliamua kutoona. Kama uso ni jana na mgongo ni leo, mbona katika kumbukumbu ya harusi, ambayo ni jana kabisa, Kamanthe anacheza akiwa amegeuka? Na mbona kuna mahali, leo hii, amechoka, ameketi juu ya mtungi, na uso wake umeijaza skrini mpaka unaona vumbi kwenye nyusi? Kanuni ile nzuri ya vitabuni ilikuwa na matundu, na kila aliyeiandika aliyaruka.

Cha pili kilimjia kwa kuwa ni mtoto wa watu wa jembe. Nyuma ya Kamanthe, ng'ambo ya njia ya mtoni, kulikuwa na shamba la mtu, la kumwagiliwa. Katika picha ya uso, juu ya mtungi, mahindi yalikuwa yanafika magotini. Katika harusi ya mgongo, yalikuwa yamechanua. Mutheu alikaa wima. Alirudi mwanzo akapitia tena, na safari hii hakumtazama Kamanthe hata kidogo, alitazama mahindi. Palipokuwa na mahindi mafupi palikuwa na uso. Palipokuwa na mahindi marefu palikuwa na mgongo. Leo na jana za hadithi hazikuhusika, wala hapakuwa na picha moja iliyovunja utaratibu huo. Na pale mwisho kabisa, mbele ya mto, mahindi yalikuwa yamekauka yakingoja kuvunwa.

Filamu haipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Hilo alilijua tangu mwaka wa kwanza. Mahindi ndiyo yaliyoweka mpangilio wa kweli. Kuna jambo lilitokea Kithyoko wakati mahindi yale yanakua, na baada ya jambo hilo kamera haikuuona tena uso wa Kamanthe. Mwongozaji alikwisha kufariki. Aliyebaki ni Wathome.

Wathome alikuwa amerudi Muthetheni kulima, na Mutheu alikwisha kumwendea mara mbili akarudi mikono mitupu. Mara ya kwanza mzee alisema amesahau. Mara ya pili alisema ni mambo ya mwanga, jua lilikuwa linaingia kwenye lenzi, basi. Safari ya tatu Mutheu hakupiga simu. Alimkuta uani anatengeneza mpini wa jembe, mkewe Pauline akipeta njugu pembeni, na baada ya salamu na maji ya kunywa hakuuliza swali lolote kuhusu filamu. Alieleza tu habari ya mahindi, polepole, tangu yale ya magotini mpaka yale makavu.

Wathome aliendelea kuchonga mpini. Pauline ndiye aliyeweka ungo chini akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka akafuta machozi kwa leso.

"Huyu msichana amekushika," akamwambia mumewe. "Sasa mwambie. Mama alishapumzika, hatakasirika."

Ndipo Mutheu alipofahamu kwamba Pauline alikuwa binti wa Kamanthe. Wathome alimwona binti huyo akiwa amebeba mtungi wakati wa kutafuta waigizaji, na kabla filamu haijafika katikati alikuwa amempenda asijiweze. Hakutaka kuchelewa, wala wazazi wake hawakutaka achelewe. Mahindi yakiwa yamefika kiunoni, mbuzi wakapelekwa kwa Kamanthe. Asubuhi iliyofuata Wathome alirudi kazini kama kawaida, akaiweka kamera yake mbele ya mwanamke ambaye sasa alikuwa mama mkwe.

"Wewe ni Mkamba, unajua *nthoni*," mzee alisema. "Mama wa bibi yako humwangalii kwa macho, na yeye hakuangalii. Mkikutana kwa njia, mmoja anatoka. Sasa mimi niko na kamera. Nitaelekeza aje hiyo kitu kwa uso wake? Hiyo si kuangalia, hiyo ni kuchungulia. Nikaambia mkubwa jua ni mbaya, tupige kutoka nyuma. Akakubali. Kesho pia jua ikawa mbaya."

Akasema jua likawa baya mpaka mwisho wa filamu. Kamanthe naye alimsaidia. Akisikia kamera inakuja upande huu, yeye anageukia ule. Akiwa na neno la kumwambia, humwambia kuku, na Wathome anasikia. Na ule mgongo wa mwisho, uliosifiwa hadi ng'ambo, ulitakiwa uwe uso. Mwongozaji alitaka mama asimame mbele ya mto, kisha ageuke. Kamanthe akasimama akingoja Wathome aondoe macho kwanza. Wathome akangoja mama aondoke kwanza. Hakuna aliyethubutu, na kamera ikaendelea kunasa, na mwongozaji pale pembeni akashika kichwa kwa furaha, akisema hajawahi kuona kitu kama hicho.

Mutheu alicheka pamoja nao. Kisha akauliza lile alilokuwa ametiwa akilini na wahakiki wote, kama katika mgongo ule hapakuwa na hasira hata kidogo, kama huenda mama hakumtaka mkwe mwenyewe.

Wathome alimtazama kama mtu aliyeuliza kama maji yanalowesha.

"Angenichukia, angeniangalia vizuri sana kwa macho," alisema. "Mtu baki unamwangalia. Adui unamwangalia. Huyo mama hata kiti nilikalia kwake hakukalia tena mpaka akaenda kaburini. Hiyo ndiyo nilijua amenikubali."

Mutheu aliacha kucheka. Kiti cha karibu na dirisha kilimjia mbele ya macho, kitupu, na mama yake akichambua maharagwe kwenye kigoda cha jikoni. Alihisi joto limempanda mpaka masikioni. Yeye ni Mkamba, mtoto wa Machakos, neno hilo la *nthoni* alilisikia tangu anyonye, na bado alikuwa amemsoma mama yake mzazi kwa miwani ya watu wa mbali. Lakini angejuaje? Alikuwa kifungua mimba. Nyumba yao haikuwahi kuwa na mkwe. Mwalimu Mueni alimshika mkono kila mtu, padri na chifu, na haikumpitikia Mutheu kwamba mama wa namna hiyo angekuwa ameiweka desturi ya mama zake akiba, akiingoja siku yake.

Wathome alimruhusu aandike yote, ila alimpa sharti moja alipokuwa anaaga: asiandike kwamba aliogopa. Aandike kwamba aliheshimu.

Akiwa njiani alimpigia Daktari Aloys akamweleza. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akasema hicho ni kisa kizuri, lakini kisa si hoja. Hoja yake ni ipi?

"Kwamba ule mgongo haukatai," Mutheu alijibu. "Unakubali. Wameusoma kinyume miaka yote hii."

Daktari akasema kwamba sasa ameanza kuhakiki, na kwamba lililobaki ni kuthibitisha.

Kuthibitisha sura ya tatu hakukumtisha, mahindi yalikuwa shahidi wa kutosha. Kilichomtisha ni nyumbani. Huenda Kamanthe alikuwa Kamanthe, na Mueni ni Mueni, na kina mama wa kanisani wameshamjaza maneno. Kumuuliza tena hakukuwa na maana, kwa kuwa mama wa *nthoni* hawezi kuieleza bila kuivunja, na mama wa chuki asingekiri. Alihitaji kuona kwa macho yake.

Alimwendea Ali dukani akamwonyesha filamu, mahindi mafupi na mahindi marefu, akamsimulia habari za Wathome. Ali alitazama mgongo wa mwisho mara kadhaa, mkono kidevuni. Alisema kwamba ni jambo zuri kwa watu wa zamani, ila yeye ana hofu ya kujidanganya. Mutheu akamwambia hata yeye anayo hofu hiyo, ndiyo maana watajaribu, na akamweleza la kufanya Jumapili. Ali akauliza itakuwaje kama mama atapita tu, akaenda zake.

"Basi nitajua nimekosea, na nitakuja kukwambia mwenyewe," Mutheu alisema. 

Jumapili baada ya misa, Mutheu na mama yake walishuka njia ya Mumbuni inayopita kati ya nyua za michongoma. Mueni alikuwa akilalamika kwamba sauti ya pili leo iliimba kama inadaiwa, na alikuwa katikati ya malalamiko hayo Ali alipotokea mbele, akipanda. Mueni alinyamaza. Mkono wake ukaenda kwenye leso, kama kawaida, na macho yake yakaanza kutafuta pa kugeukia.

Lakini Ali alimtangulia. Hakusema shikamoo wala habari ya asubuhi. Alitoka njiani, akasimama kwenye nyasi, akawageuzia mgongo, uso wake ukiwa karibu kuchomwa na miiba ya ua. Akasimama hivyo, mikono pembeni, akingoja.

Mueni alisimama. Mutheu, aliyekuwa ameapa kutazama kila kitu, alitazama. Aliuona mkono wa mama yake ukiachia leso. Alimwona anautazama ule mgongo wa kijana, shati lililopigwa pasi, shingo iliyotoa jasho kwa wasiwasi, na alimwona anauma mdomo wa chini kama afanyavyo kanisani wimbo ukimgusa. Kisha Mueni naye akageuka, akaelekea ua wa upande wa pili, akavuta pumzi.

"Mutheu," alisema, kwa sauti ya darasani, sauti ya kufika dawati la nyuma. "Mwambie mwanangu chakula kiko mezani. Ale ashibe, amekonda tena. Mimi nitakula jikoni."

Ali hakugeuka. Mabega yake yalishuka, kama ya mtu aliyetua mzigo wa kutwa.

"Mwambie mama nimesikia," aliuambia ua. "Mwambie nashukuru sana."

Mutheu alisimama katikati ya njia, kati ya mgongo na mgongo, machozi yakimtoka naye anacheka, na furaha aliyoihisi hakuwahi kuihisi tangu azaliwe. Akamgeukia Ali, akamwambia chakula kiko mezani. Akamgeukia mama yake, akamwambia Ali ameshukuru. Alizifikisha salamu zote mbili neno kwa neno, ingawa kila mmoja alikuwa amekwisha kuzisikia.